Mbio za Polepole za Kiogoro

Mwalimu wetu wa michezo alitufundisha kukimbia polepole, na kwa muda mrefu hatukupata chochote kutokana na hilo ila kuchekwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Shule za jirani ziliwakimbiza wasichana wao mlimani mpaka wakatapika. Yeye alitusimamisha njiani, akatuambia tuweke vidole shingoni tuhesabu mapigo huku akitazama saa yake. Moyo ukienda kasi kuliko alivyotaka, tulitembea mpaka utulie.

"Lazima muweze kupiga hadithi," alisema. "Ukishindwa kuongea, umepita kiasi."

Mwenzangu alikuwa msichana wa darasa letu, Mkatoliki wa Marani aliyekaa kwa shangazi yake hapo kwetu Kiogoro. Sisi nyumbani tulikuwa Wasabato. Asubuhi, kabla ya shule, akina mama waliobeba ndizi kwenda sokoni Kisii walitupita mlimani.

"Nyinyi mnakimbia ama mnasindikiza wageni?" mmoja aliuliza.

"Tunakusindikiza wewe, mama!" mwenzangu akamjibu. Pumzi ya kujibu tulikuwa nayo.

Kwa kuwa tuliamriwa kuongea, tuliongea yote. Alinieleza jinsi mama yake alivyofariki, na hofu yake ya kuozwa kabla ya kumaliza shule. Mimi nilimwambia nilichokuwa sijamwambia mtu, kwamba nilitaka kukimbia mpaka nijulikane mbali na Kisii. Mvua za masika zilipokwisha, tulikuwa tukiupanda mlima ule ule bila kutembea hata kidogo, tena tukicheka. Siku mwalimu alipoturuhusu kukaza mwendo, tuliwaacha wenzetu wote mbali. Tulipofika mwisho tulitazamana kama watu waliookota kitu.

Kisha tukatangaziwa mbio za nyika za wilaya. Zingefanyika Jumamosi.

Nilimkuta baba shambani akichuma majani ya chai. Nilimwambia nimechaguliwa.

"Ni lini?"

"Jumamosi."

Aliendelea kuchuma. Nilisubiri akasirike, au acheke, au aseme lolote. Mwishowe alisema, "Sabato unaijua."

"Naijua, baba."

"Basi," alisema, akahamia mstari mwingine.

Nililichukua neno hilo kuwa katazo. Kesho yake mwalimu alinisihi nikazungumze na baba tena, hata akajitolea kuja nyumbani. Nilikataa. Niliona ni kumdharau baba kumletea mtu wa kumshawishi. Mwenzangu alingoja mpaka tulipoachana njiani. "Mimi sijui kukimbia peke yangu," aliniambia.

Jumamosi hiyo niliketi kanisani kati ya mama na dada zangu. Wakati wa maombi niligusa shingo yangu. Sikuwa nimekimbia popote, lakini moyo ulikuwa ukienda kasi kuliko mlimani, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nipunguze.

Mwenzangu alishinda. Alikwenda Kisumu kwenye mashindano ya mkoa, akashinda tena, na baadaye akaajiriwa Nairobi na shirika lililokuwa na timu yake ya wakimbiaji. Aliponitembelea likizo ya kwanza tulijaribu kukimbia pamoja. Alipunguza mwendo kwa ajili yangu na nikajua anapunguza. Tulipanda mlima wote bila neno. Hakurudi kunitafuta tena, nami sikumlaumu. Niliolewa Nyamira, nikapanda chai yangu.

Baba alipokuwa mgonjwa nilikwenda kumuuguza. Mchana mmoja nikimpa uji, aliniuliza kama yule msichana wa Marani bado anakimbia. Nikasema sijui.

"Nilikuwa nikiwaona," alisema. "Nilisimama kwenye ua mkipita. Wewe ulikuwa mwepesi kuliko yeye."

Nilikoroga uji uliobaki bakulini.

"Jioni ile uliponikuta nikichuma chai, nilingoja uniombe. Ungeniomba, ningekwenda kuongea na mzee wa kanisa."

"Nilidhani umenikataza, baba."

"Nilikuambia Sabato unaijua. Nilitaka nisikie wewe unasemaje."

Aliomba uji zaidi. Nilimlisha mpaka bakuli likaisha, nikampangusa mdomo. Nilitaka kumkasirikia, lakini alikuwa amekonda mno. Nikamwambia haidhuru, ni mambo ya zamani. Aliitikia kwa kichwa, akafumba macho. Hakuniamini, na wala sikuwa nimesema kweli.