Bodi ya Graundi Juu ya Kikaango

Nimehama miji kama wengine wanavyohama nyumba za kupanga. Nimeishi Shinyanga mjini, Kahama, Geita, Runzewe, kisha Katoro, na kila nilipoondoka nilibeba begi moja la mgongoni: kompyuta mpakato, kipima umeme, mkebe wa vipuri na mashati mawili. Kilichozidi hapo nilikiacha kwa watu. Dada yangu wa Runzewe husema mimi ni pamba iliyosahaulika shambani, upepo ukipita tu, haipo.

Ni yeye aliyeniingiza kwenye kazi ya kuchora bodi za saketi. Alikuwa na kitotoleshi cha vifaranga, sanduku la mbao nililomtengenezea, lenye balbu za kupasha joto na bodi ndogo ya kuziwasha na kuzizima. Bodi ile ilikuwa na tabia mbaya. Kila rilei, ile swichi ndogo ya kwenye bodi, ilipolia "tak" kuwasha balbu, namba za joto kwenye kioo ziliruka, bodi ikachanganyikiwa na kuanza upya kama mlevi aliyeamshwa ghafla.

Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne. Fizikia niliipenda, lakini mambo ya bodi nimeyaokota kwenye video na kwa mafundi wa njiani. Katika video moja jamaa alisema dawa ya ugonjwa wangu ni tabaka la graundi: badala ya kurudisha umeme kwa vijia vyembamba, unaacha upande mzima wa bodi uwe shaba tupu, kila umeme uliomaliza kazi urudi kupitia hapo.

Aliposema vile niliwaona ng'ombe wa baba. Kwetu, nje kidogo ya Shinyanga, ng'ombe waliorudi jioni kwa upande wa mbugani walikuja kwa amani, kila mmoja na mstari wake, kwa kuwa uwanja ulikuwa wazi. Waliorudi kwa kijia cha katikati ya nyua za minyaa walisukumana, ndama wakilia, vumbi juu. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa kijia cha minyaa. Umeme wa balbu, yale madume, ulirudi kwa njia ileile ya kipimajoto, yule ndama. Ndama akikanyagwa, lazima alie.

Basi nikaketi na programu ya bure ya kuchorea. Kupanga vipuri kulinichosha, lakini matabaka yalinipa raha ya ajabu. Unazungusha mstari pembezoni mwa bodi, unachagua jina la graundi, unabonyeza, na rangi ya buluu inamwagika yenyewe, inapita kati ya vipuri, inakwepa njia zisizo zake na kushika zilizo zake. Upande wa juu, karibu na balbu, nikamwaga nyekundu, tabaka la umeme wa volti kumi na mbili. Programu ikaniuliza miguu ya vipuri iungwe vipi na tabaka: kwa vijiti vinne vyembamba, au izamishwe moja kwa moja ndani ya shaba. Vile vijiti niliviona vya kimaskini. Nikazamisha yote.

Mchoro niliutuma kiwandani China, bodi zije pamoja na mzigo wa jirani yangu anayeuza spea za simu. Mzigo ukachelewa. Dada naye, kwa kuniamini, alikuwa ameshawatangazia wenzake wa kwaya kwamba mashine inapata bodi mpya. Wakamletea mayai yao, na yeye akayapanga ndani.

"Mdogo wangu, bodi ziko wapi?" aliniuliza kwa simu.

"Zipo njiani, dada."

"Njia ya wapi isiyo na mwisho? Hii ya zamani imekufa kabisa. Nawasha balbu kwa mkono, nazima kwa mkono. Nimekalia sanduku hili kama nimetaga mimi."

Nilicheka, yeye hakucheka. Mayai yalikuwa ya watu, na yalikuwa yamekaribia kuanguliwa. Yakipoa siku ile au yakiungua, Jumapili angeimba peke yake.

Mzigo ulifika asubuhi iliyofuata. Wakati huo nilikuwa na meza barazani Katoro, kando ya jiko la mama mmoja muuza chapati, mbele ya kijiwe cha bodaboda. Bodi zilikuwa za kijani, zinang'aa. Mama Chapati akazitazama.

"Kadi za harusi hizo?"

"Za ubatizo, mama. Subiri."

Nikaanza kulehemu. Miguu midogo ilikubali. Nilipofika miguu ya graundi, risasi ya kulehemia iliganda juu yake kama ugali wa jana. Nilikandamiza chuma cha kulehemia kwa nguvu zote, haikushika hata mmoja. Hapo nikaelewa kazi ya vile vijiti vinne. Vinazuia joto la chuma lisikimbilie kwenye tabaka. Mimi nilikuwa nimeifungulia shaba mlango, na shaba yote ilikuwa inakunywa joto la kichuma changu kidogo. Chuma kikubwa nilikuwa nacho, ila kilikuwa Geita, chumbani kwa rafiki, nilikokiacha ili begi liwe jepesi.

Simu ya dada ikaita tena. "Yai moja limeanza kugongwa kwa ndani. Uko wapi?"

"Nakuja, dada."

Nikageuka jikoni. "Mama, naomba kikaango."

"Cha nini?"

"Miguu nimeizamisha kwenye shaba badala ya kuipa vijiti, sasa nipashe bodi moto kwa chini, risasi ishike."

"Risasi! Kwenye chapati za watu! Unataka wateja wangu wanizike?"

Dereva mmoja wa bodaboda akadakia, "Fundi leo anakaanga redio! Mama, mwekee na kitunguu."

Kijiwe kizima kikacheka. Mama Chapati akainama nyuma ya ndoo, akatoa kikaango cha zamani kisicho na mpini. "Hiki kikigusa hiyo takataka yako hakirudi kwangu. Na bei yake ni jogoo."

"Jogoo gani?"

"Si dada yako anatotolesha? Basi. Jogoo."

Nilijaza mchanga kwenye kikaango, kama mama yangu alivyokaanga karanga ili moto usibague, nikakiinjika, nikalaza bodi juu yake. Bodi ilipopata moto niligusa mguu wa kwanza wa graundi. Risasi ilitiririka kama samli. Nikaenda mguu hadi mguu, jasho likinitoka, dereva yule akinipepea kwa kipande cha boksi huku akiuliza kama imeiva. Soketi moja ya plastiki iliinama kidogo kwa joto. Imeinama mpaka leo.

Nilifika Runzewe nikamkuta dada kwenye kigoda, mkono mmoja kwenye swichi, macho kwenye kipimajoto. Alisogea tu. Nilifungua bodi ya zamani, nikafunga mpya, nikaiwasha. Tukasubiri.

Tak.

Balbu ziliwaka. Namba kwenye kioo hazikuruka. Tak, zikazimika. Namba zikatulia palepale, kama ng'ombe wa mbugani. Dada akahesabu tak nyingine na nyingine, kisha akanyoosha mgongo, akainusa bodi.

"Mbona inanuka chapati?"

Kwa kawaida ningelala pale siku moja na kuondoka. Safari ile nilibaki mpaka mayai yakapasuka. Machache yaligoma, lakini sanduku lilijaa kelele na manyoya yaliyolowa, na wanakwaya walikuja na maboksi yao wakisema "wabeja, wabeja", asante ya Kisukuma, wengine kwa dada, wengine kwa mashine. Nilipomsimulia habari ya kikaango na deni la jogoo, dada alinitengea kifaranga kimoja: "Huyu mwenye madoa ni wa yule mama wa kikaango. Namkuza, utampelekea."

Niliporudi Katoro kumpeleka alikuwa jogoo kamili, mwenye hasira. Mama Chapati alimfunga mguu kwenye mguu wa meza niliyomwachia nilipohama, ambayo sasa anakandia unga.

"Huyu naye," akauliza, "umemzamisha kwenye shaba?"

"Nimempa vijiti," nikamjibu nikionyesha miguu yake myembamba, nikaketi, nikaagiza chapati mbili.