Siku Mama Mkwe Alipoona Mikono Yangu

Miaka ile ya hamsini tulikaa Kitale. Mume wangu alikuwa seremala, nami nilishona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi. Hii ilikuwa ndoa yangu ya pili. Ya kwanza niliitoroka kwa sababu ya kipigo. Huyu wa pili hakuwahi kuniinulia mkono kwa hasira.

Lakini tulikuwa na jambo letu. Mlango ukishafungwa, nilimpigia magoti, akanifunga mikono kwa kamba ya mkonge, akaamuru nami nikatii. Mimi ndiye niliyemwomba, nikiwa nimeinamisha uso kwa haya. Alishtuka. "Una hakika?" aliniuliza, na akarudia kuniuliza siku nyingine. Tukapatana kwamba nikitamka "Kamukuywa", jina la soko tulikokutana, afungue papo hapo. Niliwahi kulitamka mikono ilipokufa ganzi, akaikata kamba kwa pupa hata akajijeruhi kidole.

Kisha tukaenda kwao Bungoma kusaidia arusi ya dada yake. Nikiosha sufuria, nikakunja mikono ya gauni bila kufikiri. Mama mkwe akaziona alama za kamba. Mchana ule ule mume wangu akaitwa sebuleni, mbele ya baba yake mdogo, aliyekuwa mzee wa kanisa.

"Unamfunga mke wako kama ng'ombe?" mzee akamwuliza.

Mume wangu akatazama sakafu. Nikajua atanyamaza hivyo hivyo mpaka wamtenge kanisani, mradi mimi nisitajwe.

"Baba," nikasema, "mimi ndiye niliyetaka."

Mzee akanigeukia. "Ulikosa nini? Uliunguza chakula?"

"Hapana, Baba."

"Ulimjibu vibaya?"

"Hapana."

"Sasa alikufungia nini?"

Mama mkwe akauliza polepole, "Na ukimwambia aache?"

"Anaacha, Mama."

Shemeji mmoja aliyesimama mlangoni akacheka. "Ati anaacha! Kumbe hapo mwanamke ndiye bwana!"

Uso uliniwaka. Wanaume wawili mle ndani walipiga wake zao, kila mtu alijua, na hawakuwahi kuitwa sebuleni. Hata hivyo niliyetamani ardhi inimeze ni mimi. Nilikuwa nimetoa mambo ya chumbani mbele ya wakwe.

Walituombea, wakatuzuia kushiriki meza ya Bwana. Njiani kurudi, mume wangu alisema neno moja tu: "Ungeniacha nilaumiwe mimi."

Kwa miezi mingi hakunigusa. Alilala ametazama ukuta, nami nikashukuru, kisha nikaumia. Jumapili moja mchana akaniuliza, "Bado unataka?" Nikasema ndiyo, nikalia kwa aibu ya kusema ndiyo. Akaketi sakafuni kando yangu mpaka nikanyamaza. Tulirudia mambo yetu, kwa kitambaa laini safari hii, na kwa sauti za chini zaidi.

Mama mkwe hakula tena chakula changu. Alipotutembelea Kitale alikuja na viazi vyake vya kuchemsha, akavila amenipa mgongo. Nilimtengea chai kila mara. Ilipoa, nikaimwaga, nikamwambia karibu tena, Mama.