Mwezi wa Macho

Mwezi ule mwalimu alitufundisha viungo vya mwili. Aliandika "Mwili Wetu" ubaoni kwa chaki, kisha akajigusa kwa fimbo kuanzia utosini hadi kidole cha mguu, nasi tukimfuata kwa sauti. Vita vya Wazungu vilikuwa bado havijaisha na daftari zilikuwa hazipatikani, kwa hivyo tuliandika kwenye sileti na kufuta kwa mate. Katika darasa zima wasichana tulikuwa watatu tu, na kutoka kijijini kwetu, Jomvu Kuu, nilikuwa mimi peke yangu.

Kuwapo kwangu pale ilikuwa kazi ya nyanya. Wajomba zangu walisema mtoto wa kike chuo chamtosha. Akishahitimu Kurani, akae nyumbani asuke ukili wa mikeka. Nyanya, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, aliwajibu kwamba ukili amesuka yeye miaka arubaini na hajauona mwisho wake. Mambo yakaishia hapo.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa upande wa Rabai, Mkristo mpole ambaye kaptura yake haikukosa pasi hata siku moja. Kiswahili alikisomea misheni, katika kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiswahili cha Unguja. Siku aliyofika usoni akauliza hivi viwili vya kuonea vinaitwaje, niliinua mkono kabla ya wote nikasema, "Mato." Nikamweleza kwamba kwetu jicho ni jito, na yakiwa mawili ni mato, kichwa ni kitwa, na mtu ukimwita humwambii njoo, wamwambia ndoo. Mwalimu akasema la, ni macho, tena ni kichwa, na ndoo ni chombo cha kutekea maji. Darasa zima likacheka.

Nilikuwa nimeingia shuleni nikijua kwamba Kiswahili ni changu na wengine wameazima. Kumbe kilikuwa kimekwenda Unguja bila kutuaga, kikarudi kimevaa viatu, na sasa chanisahihisha mimi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, nikaapa moyoni kwamba sitachekwa tena.

Sasa, nyanya alikuwa na maradhi ya macho. Kila alfajiri baada ya kuswali aliketi kizingitini penye mwangaza, akaniita kwa maneno yale yale: "Ndoo unitezame mato, mwanangu." Alikilaza kichwa pajani pangu, nami nikampangusa tongo kwa kitambaa safi, kisha nikamtia matone mawili ya marashi ya waridi, kila jito tone moja. Akiwa amelala hivyo ndipo aliponihadithia habari za mama yangu: jinsi alivyokuwa mtundu, jinsi alivyoogopa kuku. Nje ya wakati huo hakumtaja kabisa. Akishainuka, kulikuwa na kazi.

Asubuhi ya pili baada ya kuchekwa darasani, akaniita kama kawaida. Ulimi hauna mfupa, nami nilikuwa na miaka tisa. Nikamwambia, "Si mato, nyanya, ni macho. Na ndoo ni ya maji."

Alinitazama kwa macho yale mekundu. Hakukasirika; angekasirika ningejua la kufanya. Aliuliza tu ni nani aliyesema hivyo. Nikamjibu ni mwalimu, tena imeandikwa kitabuni. Akasema, "Haya," akaichukua chupa ya marashi akajitia mwenyewe, na nusu yake ikamwagikia shavuni.

Tangu siku hiyo hakuniita tena. Mimi nilikaa ndani na bakuli langu la uji, nikiisubiri sauti ambayo haikuja. Akitaka kunituma alinionyesha kwa kidole, au alilizunguka neno kama mtu akwepaye dimbwi njiani. Huyu alikuwa mwanamke ambaye majirani walimwendea awatungie nyimbo za arusi, naye sasa akinipimia maneno mimi, mtoto wa sileti. Na habari za mama yangu zikakatika. Hilo ndilo lililoniuma, na sijitetei: sikumhurumia yeye kwanza, nilijihurumia mwenyewe.

Mwezi ulipokwisha tulipewa mtihani. Nilipata yote, na mwalimu akaniandikia "Vizuri sana" juu ya kipande cha karatasi, kitu adimu siku zile, nikionyeshe nyumbani. Njia nzima nilikishika mkononi. Nilipofika nilikisukumiza chini ya mkeka wangu, sikumwonyesha mtu.

Alfajiri yake nilimtangulia kizingitini, chupa mkononi. Alipomaliza kuswali nikamwambia, "Nyanya, ndoo nikutezame mato."

Alisimama kidogo. Kisha akaja, akalala, akaniwekea kichwa pajani. Macho yalikuwa yamezidi wekundu, na tongo lilikuwa limekauka kwenye kope, kwa kuwa peke yake hakuweza kujisafisha vizuri. Nilimpangusa polepole, nikatia tone la kwanza, nikatia la pili. Nikamwomba anihadithie habari za mama.

Midomo yake ilicheza bila sauti, nikadhani yuasoma dua. Kumbe alikuwa akipanga maneno.

"Mama yako," akasema, taratibu, "alikuwa na macho makubwa." Akasita. "Macho. Ndivyo?"

Nilitaka kumwambia sivyo. Nilitaka kumwambia kwamba mama yangu hakuwa na macho, alikuwa na mato, kama alivyonihadithia siku zote. Lakini alikuwa ameinua uso akingoja, vile vile kama sisi tulivyomngoja mwalimu aangalie sileti zetu. Nikamwambia ndivyo. Akafurahi, akaendelea na hadithi yake, na neno mato sikulisikia tena kinywani mwake mpaka alipofariki.