Jina Lililorukwa

"Kama mlimfuta mama, mbona mmemwita?"

Mkulima aliyeuliza hivyo hakumuuliza mwenyekiti. Aliniuliza mimi, kwa sababu kompyuta ilikuwa mapajani mwangu. Nilisema, "Nitaangalia, baba," nikajifanya naangalia.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepanga chumba Majengo, na sikuwa mtu wa kukubali kitu bila kukihoji. Nilimhoji katekista, nilimhoji baba yangu kuhusu mahari ya dada. Kikundi cha wakulima cha kijiji kimoja nje ya Sumbawanga kiliponiomba programu ya orodha ya wanachama, katibu alitaka daftari lake la zamani liendelee kutumika. Nikamuuliza, "La kazi gani tena?"

Kabla ya kugawa mbegu za mahindi walitaka wanachama waliofariki waondolewe. Niliandika programu ipite orodha jina baada ya jina, na ikikuta alama ya marehemu iliyowekwa na katibu, ifute. Mara ya kwanza iligoma. Iliniambia orodha imebadilishwa wakati bado inapitiwa. Sikuuliza kwa nini. Mimi! Nilibadilisha tu njia ya kupita, iende kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kosa likanyamaza, nami nikaenda kunywa chai.

Siku ya mgao upepo ulikuwa mkali, watu wamejitanda vitenge hadi masikioni. Katibu hakuwepo, alikuwa amekwenda Kipili msibani. Mwenyekiti akasoma majina kutoka karatasi niliyoichapa. Alipotaja jina la mama yake yule mkulima, watu walitazamana.

"Huyo naye bado analima?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Analima kupitia mwanawe!"

"Mifuko miwili nyumba moja. Wajanja hao!"

Wakacheka. Mkulima alikuwa ameshapokea mfuko wake. Aliutua chini, akaniuliza lile swali, kisha akaongeza, "Waambie, mtaalamu. Waambie mimi sikumwandikisha."

Nilikumbuka lile kosa nililolinyamazisha. Nilishuku hapo hapo kwamba tatizo ni langu. Lakini watu sitini walikuwa wananitazama kama msomi, na nilipenda kutazamwa hivyo.

"Basi, tuendelee," alisema mwenyekiti. Mkulima akaondoka. Mfuko ukabaki chini.

Kesho yake nilipata jibu. Katika kikundi kile mume na mke huwa wanachama kila mmoja kwa jina lake, na huandikwa wakifuatana. Baba yake yule mkulima alikuwa wa arobaini na moja, mama yake wa arobaini na mbili, na wote wawili walifariki mwaka huo. Programu ilipomfuta baba, wote wa chini yake walipanda nafasi moja. Mama akawa wa arobaini na moja, wakati programu inasonga kwa wa arobaini na mbili. Haikumtazama kabisa. Ilitosha kuweka pembeni kwanza majina ya kuondoa, na kuyafuta baada ya kumaliza kupita. Mistari mitatu ya kuandika.

Nilimpigia mwenyekiti simu. "Kulikuwa na hitilafu ndogo, nimesharekebisha." Sikusema hitilafu ya nani. Sikumwomba awaambie watu. Aliniambia yule mkulima amejitoa kwenye kikundi, nikasema, "Pole yake," kwa sauti ya mtu asiyehusika.

Niliendelea kujiambia kwamba huenda yule mkulima kweli hakuwa ametoa taarifa ya mama yake mapema, kwamba lawama ni za kugawana.

Misimu mitatu baadaye nilikutana na katibu kwenye duka la pembejeo, Majengo. Alinieleza kwamba yule mkulima alimfuata kwa miguu siku ya pili baada ya kumzika mama yake, akasimama mlangoni, akakataa kuketi mpaka aone kwa macho yake alama ya marehemu imewekwa kwenye majina yote mawili, la baba na la mama.