Ukurasa wa Kesho kwenye Daftari la Boila

Wewe unayesoma hapa, umepita mbele ya mlango ule mara ngapi?

Usijifanye hujui. Mlango wa chuma, rangi ya kijivu, umeandikwa HAIRUHUSIWI KUINGIA. Uko chini ya ngazi kwenye hospitali unayotibiwa, kwenye hoteli uliyofanyia kikao, kwenye hosteli anayolala mwanao. Nyuma yake kuna kitu kinanguruma. Ulikisikia. Ukaongeza mwendo.

Leo hupiti. Leo utakaa unisikilize.

Kaka yangu tulimzika Jumanne. Ijumaa ya wiki ile ile alisaini daftari la boila.

Si utani, na sina mchezo na maiti. Ukurasa ninao mpaka leo. Tarehe ipo. Saa saba mchana, presha sita, maji nusu kioo, hali sawa, na chini sahihi ya mtu ambaye udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi.

Mimi ni mkunja mashuka. Hospitali kubwa, chumba cha kufulia, wanawake kumi na mmoja na meza ndefu mbili. Ukuta wetu wa nyuma ndio ukuta wa boila. Mvuke unaofua, unaopiga pasi, unaochemsha vyombo vya madaktari, wote unatoka hapo.

Kaka ndiye aliyekuwa akiiendesha boila hiyo. Darasa la mitambo sijawahi kulikalia. Nilijifunza nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, namtazama, na nyumbani nikisoma vitabu vyake vilivyolowa grisi mpaka nikavijua kuliko yeye.

"Mdogo wangu," aliniambia siku ya kwanza, "hii ni sufuria tu iliyokazwa mfuniko. Maji yakiwepo, ni mtumishi wako. Maji yakiisha, ni bomu."

Yaliisha siku ya Jumapili.

Alidhani yapo. Alipogundua yamepungua akawasha pampu, maji baridi yakakuta chuma kimeiva. Mlango wa boila uliruka kama kifuniko cha chupa. Mengine siyasemi, mjane wake anasoma hapa.

Kesho yake walikuja wanaume wanne wenye mashati safi. Walisimama mbali na damu. Wakaomba daftari, wakatafuta mstari wa Jumapili, saa saba mchana.

Presha sita. Maji nusu kioo. Hali sawa.

"Mtambo ulikuwa mzima," mmoja akasema, akafunga daftari. "Kosa ni la mwendeshaji."

Ukurasa wa pili hawakuufunua. Weka hilo akilini.

Wakambandika marehemu jina la mzembe, wakatuachia tumzike nalo. Boila ikabadilishwa mlango, ikapakwa rangi, ikawashwa. Nikarudi kukunja mashuka kwenye ukuta ule ule. Miaka kumi na miwili.

Kaka aliacha binti wa miaka tisa. Tunamwita Spana, kwa sababu tangu mdogo alikuwa hawezi kuona nati asiifungue. Alipomaliza shule akamwambia mama yake anakwenda chuo cha ufundi, kusomea mitambo ya majengo. Wifi yangu alilia siku mbili.

"Mwambie wewe, wifi. Wewe anakusikiliza. Boila imekula baba, sasa inataka na mtoto?"

Nikamwita. Akanitazama kwa macho ya baba yake.

"Shangazi, nataka kujua ni nini kilimuua."

Nilimnunulia ovaroli.

Siku ya wazazi nilikwenda chuoni. Boila yao iko katikati ya karakana, inang'aa kama kabati la bibi harusi. Nikaizunguka. Nikatafuta bomba la moshi. Hakuna.

Mwalimu wao wanamwita Sawasawa, maana kila ukimuuliza kitu ndilo jibu.

"Mwalimu, hii inawaka siku gani?"

"Hii ni ya kufundishia, mama."

"Haijawahi kuwashwa?"

"Haina haja. Kila kitu kinaonekana. Tazama, hapa ndipo usawa wa maji." Akanionyesha bomba dogo la kioo ubavuni. Ndani hamna hata tone. Amechora mstari kwa rangi, katikati kabisa.

"Kwa hiyo unawafundisha kuogelea juu ya mkeka."

Wazazi wakacheka. Yeye akatabasamu kama mtu anayemhurumia mshamba.

"Mama, mtihani hautaki moto. Mtihani unataka daftari. Daftari likiwa safi, kijana amefaulu. Sawasawa?"

Nilitaka kumwambia daftari safi nalijua. Nikamuaga.

Miezi sita baadaye wakampangia Spana mazoezi ya kazini. Kati ya majengo yote ya mji, wakamleta kwetu. Kwenye ukuta wangu.

Jumatano moja jioni alikuwa anaandika mezani kwangu huku anatafuna karanga. Nikapita nyuma yake na chai, nikaona daftari lake la mazoezi.

"Spana, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Na hii Ijumaa hapa umeiona wapi?"

Akacheka. "Shangazi nawe! Kila mtu anajaza mbele. Mwalimu anasema daftari likiwa na tundu unakatwa alama. Fundi wa zamu mwenyewe kajaza mpaka mwisho wa mwezi. Namba si zile zile tu?"

Presha sita. Maji nusu kioo. Hali sawa.

Nikaenda jikoni. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nikavirudia.

Ningemwambia usiku ule ule, leo ningelala vizuri. Sikumwambia.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nakunja mashuka. Jirani yangu wa mezani anasimulia habari za mkwe wake, sote tunacheka. Halafu sikucheka tena.

Ukuta ulikuwa umebadilisha sauti.

Wewe humjui mume wako akikohoa chumba cha pili? Ndivyo ninavyoujua ukuta ule. Mngurumo wake siku zote ni mzito, kama chungu kilichojaa. Asubuhi ile ulikuwa mwepesi. Mkavu. Nikaweka kiganja ukutani, nikakiondoa haraka.

Nikaangusha shuka.

Spana alikuwa ndani peke yake. Fundi wa zamu ameitwa ghorofani kumbadilishia mkurugenzi taa.

"Maji yako wapi?"

"Nusu, Shangazi. Yametulia kabisa. Tazama."

Nikatazama. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kahawia, katikati, umenyooka. Umetulia, kweli. Maji ya boila inayochemka hayatulii, yanatetemeka.

"Puliza kioo."

"Nifanye nini?"

Hakujua. Angejulia wapi? Kioo cha chuoni kimechorwa kwa brashi.

Nikafungua koki ndogo ya chini mwenyewe. Kioo kikiwa na maji, hapo yanashuka, ukifunga yanapanda tena. Hayakushuka, hayakupanda. Ulitoka mvuke mtupu, ukipiga mluzi.

Mstari haukusogea. Ilikuwa kutu. Alama ya maji ya zamani, imekauka kwenye kioo kama alama ya chai kwenye kikombe.

"Mungu wangu," Spana akasema, na mkono wake ukaenda kwenye swichi ya pampu.

Mkono ule ule. Mwendo ule ule wa baba yake.

"USIGUSE!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Akaganda, kidole kikiwa inchi moja kutoka kwenye swichi.

"Ukiingiza maji sasa hivi inatuua. Zima moto tu. Moto!"

Akabonyeza kitufe chekundu. Mngurumo ukakatika. Nikakumbuka kile kifaa kinachopaswa kuzima moto chenyewe maji yakipungua. Nikainua macho. Kimefungwa waya. Baadaye niliuliza kwa nini, nikajibiwa, "Kilikuwa kinasumbua."

Tukawatoa wanawake wote. Tukasimama kwenye maegesho, watu kumi na wawili, na sabuni mikononi. Kile chuma kilikuwa kinalia ndani, tik, tik, tik, kama mtu anayehesabu meno yake. Karibu saa nzima. Juu yetu, dirishani kwenye wodi, mama mmoja alikuwa anampungia mtoto wake kwa kitambaa. Hakujua amesimama juu ya nini.

Mchana tukaitwa kwa msimamizi. Akafungua daftari la mazoezi la Spana.

"Saa nne. Presha sita, maji nusu kioo, hali sawa. Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu," Spana akasema. "Lakini niliujaza jana."

"Kwa hiyo ulidanganya jana, au unadanganya leo?"

Msimamizi hakungoja jibu.

"Na wewe," akanigeukia, "nani alikuruhusu kuingia mle? Kazi yako ni mashuka."

Kabla hatujaondoka boila ilikuwa imejazwa maji na kuwashwa. Kioo hawakukibadilisha. Waya haukufunguliwa.

Jioni Spana alikaa kwangu, kichwa juu ya meza.

"Daftari langu mwenyewe limenishtaki, Shangazi."

Nikaona ndio wakati. Nikaenda kwenye sanduku nikautoa ule ukurasa, nikauweka mbele yake. Nikamweleza: baba yako hakuwa mzembe. Walimzika na uongo wa daftari. Hii hapa Ijumaa, amesaini akiwa kaburini. Lilijazwa mbele, lote.

Nilidhani nampa ushahidi.

Alisoma kwa muda mrefu. Halafu akanyanyuka, akaenda ukutani ilipo kalenda yangu, ninapoandika siku za zamu. Akarudi.

"Shangazi."

"Naam."

"Saba ya baba imekatwa katikati kwa mstari."

Nikanyoosha mkono kuuchukua ukurasa.

"Ya kwako pia."

Nimeandika saba namna hiyo tangu nikiwa mtoto. Nyumbani kwetu sote hakuna mwingine anayeiandika hivyo.

Kaka yangu alichukia kalamu. Kila Jumamosi alikuwa anafuta mabomba, mimi nimekaa juu ya ndoo namjazia daftari la wiki nzima, pamoja na sahihi. "Mdogo wangu una mwandiko wa karani," alikuwa ananisifu, tunacheka. Ile Jumapili, saa saba mchana, hali sawa, niliiandika mimi, siku moja kabla.

Wale wanaume wanne waliuliza, "Kuna mtu anajua chochote kuhusu daftari hili?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na shuka mikononi. Nikatazama shuka.

Walipoondoka nikachana ukurasa wa pili, nikauficha. Kwa miaka kumi na miwili nimewaambia watu naulinda ushahidi. Nilikuwa najilinda mimi.

Unajua sasa kwa nini nilikuanza na yale maneno ya mlango. Mtu anayegeuza uso namjua hata gizani, maana nimelala naye kitanda kimoja.

Spana hakulia. Afadhali angelia. Alifungua daftari lake la mazoezi, akapiga mstari juu ya Ijumaa yote, akaandika neno moja kwa herufi kubwa.

SIJAONA.

Akalipeleka chuoni hivyo hivyo. Sawasawa akampa sifuri, akamwondoa kwenye kozi kwa utovu wa nidhamu. Wenzake ishirini na wanane wamehitimu mwezi uliopita kwa madaftari safi. Wametawanyika. Mmoja wao yuko nyuma ya mlango unaoujua wewe.

Mimi nimekwenda kituo cha polisi na ukurasa wangu na jina langu. Nimesema ni mwandiko wangu. Wakaniambia nirudi wiki ijayo, na wiki iliyofuata wakaniambia hivyo hivyo. Boila inawaka ninapoandika haya. Naisikia.

Kwa hiyo usiniandikie pole hapa chini. Pole zako weka.

Kama una mtoto chuo cha ufundi, kamuulize mwalimu wake mtambo wao uliwashwa mara ya mwisho lini, na usiondoke mpaka akuwashie.

Na kesho asubuhi, hapo kazini kwako, shuka zile ngazi. Gonga mlango wa kijivu. Watakwambia hairuhusiwi, gonga tena. Omba daftari. Ukurasa wa leo usiusome, wa leo kila mtu anaujua kuupamba.

Funua wa kesho.

Ukiukuta mweupe, mpe fundi huyo mkono, umshukuru.

Ukiukuta umejazwa, usimuulize mtu kitu. Toa watu nje kwanza.

Inuka.