Shule Yetu Ilihitaji Mwanaume

Mwalimu mkuu wetu alipostaafu, mimi ndiye niliyekaimu. Kukaimu ni kufanya kazi yote ya mkuu bila cheo chake, na cheo nilikitaka. Sifichi. Nilikitaka na nilikistahili.

Kazi yenyewe, huku Nyarugusu, ni kuwatoa watoto machimboni. Dhahabu ikionekana mahali, darasa la sita linabaki madawati matupu. Wachimbaji nao hawataki mwanamke asogelee duara, yaani shimo lao. Wanasema dhahabu itakimbia. "Madam, ishia hapo hapo!" Basi nasimama mbali, kwenye vumbi, naita mtoto mmoja mmoja kwa jina lake, kwa sauti ya mchunga ng'ombe, mpaka watoke. Wachimbaji wananicheka, lakini wanawaachia.

Siku moja afisa elimu wa kata akaja. Aliniamkia shikamoo kwa adabu iliyozidi, nikajua kuna jambo.

"Madam, umejitahidi sana," akasema. "Ila shule ya machimboni inahitaji mwanaume. Wewe hata duarani hufiki."

"Nilisailiwa lini?" nikamuuliza. "Nimeshindanishwa na nani?"

Akaanza kuchezea simu yake. Ebo! Angeniambia nimeshindwa usaili, ningemeza, ingawa ni chungu. Lakini kushindwa mchuano ambao hata sikuitwa? Huo ni uonevu, na nilimwambia hivyo hivyo usoni.

Mkuu mpya akaletwa kutoka mjini. Hakumaliza hata wiki, watoto wakatoroka. Akaenda mwenyewe. Wachimbaji, wanaume wenzake, wakamkaribisha mpaka mdomoni mwa shimo, akainama, akaita, "Nyie wanafunzi, tokeni!" Hakutoka hata mmoja. Hakuwa anajua jina la yeyote.

Akarudi ofisini na viatu vya tope. "Madam, naomba ukawaite wewe. Wewe wanakusikia."

"Kwani leo mimi si mwanamke, Mkuu?"

Akainama kukung'uta tope viatuni. Nilitamani kumwacha aumbuke, wallahi nilitamani. Lakini watoto wana kosa gani? Nikaenda, njia nzima nikitukana kwa Kisukuma, matusi ambayo mama yangu angenichapa kwa kuyatamka. Nikawaita, wakatoka, nikawarudisha.

Jioni ile afisa akampigia mkuu simu. Nilikuwa nimesimama pale pale ofisini, miguu imejaa vumbi. Nikamsikia mkuu akijibu kwa furaha, "Ndiyo bosi, wote nimewarudisha. Ahsante sana."