Kaza Gari Likiwa Limekanyaga Chini

Katika siku zote nilizolala chini ya magari, mwanangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile iliyoanza na kikohozi nyuma ya ukuta wa jiko.

Nilikuwa na miaka minne tangu niolewe hapa Ipinda. Wewe umezaliwa juzi, huenda hujui: kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaacha njia. Hamtazami usoni, hasemi naye, jina lake halitamki. Zilikuwepo nyumba zilizokwisha kuacha desturi hiyo, lakini yetu bado. Baba mkwe akitaka kupita uani alikohoa mara mbili, nami nikakimbilia jikoni. Chakula chake nilipika mimi, akakipeleka mume wangu, Ambakisye. Miaka minne, sura yake sijaiona. Nilikijua kikohozi chake tu, na mgongo wake mrefu kwa mbali. Jina lake sitalitaja hata leo; mdomo wangu haujajifunza.

Mzee huyo aliendesha malori ujana wake wote, na pikapu pekee ya nyumbani ilikuwa yake. Macho yalipofifia akamwachia Ambakisye, aliyewabebea watu mpunga kutoka Busale kwenda Kyela mjini. Ikafika siku gari likaanza kugonga nyuma. Shimo moja, ko! Tuta, ko-ko! Tulilisikia kabla halijafika kwenye migomba ya jirani.

Baba yangu mzazi alikuwa fundi kule Bujonde, na kazi nilijifunza kwake. Nikajua mara moja: bushi za springi. Springi za nyuma ni vile vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kila ncha ina tundu, na ndani ya tundu kuna mpira wenye bomba dogo la chuma katikati, bolti inapita humo. Hiyo ndiyo bushi. Mpira ukiisha, chuma kinapiga chuma.

Maduka yalipokuwa matupu, baba alichonga bushi kwa kisu kutoka kwenye tairi chakavu. Lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vimeanza kumiminika. Bwana Faraji, mwenye duka Kyela mjini, ambaye babu yake alitokea pwani, alikuwa nazo mpya ndani ya nailoni, nyeusi, zinang'aa. Nilizinusa njia nzima kama mkate.

Nikamwambia Ambakisye: "Nitazibadilisha mwenyewe, hapahapa nyumbani."

Akacheka, lakini hakukataa. Nikapandisha gari kwa jeki, nikaliegemeza kwenye magogo mawili mapana, nikafungua bolti, nikachoma mipira ya zamani kwa moto mpaka ikaachia. Bushi mpya nikazipaka maji ya sabuni, nikazivuta ndani kwa bolti ndefu. Atupele, jirani yetu mwenye ulimi, alisimama na ndizi zake kichwani akanitazama.

"Mwanamke mzima, miguu nje kama mjusi chini ya jiwe! Ambakisye, mkeo amemezwa!"

Nikakaza nati zote kwa nguvu zangu zote, magurudumu yakiwa hewani. Kisha nikashusha gari, nikanawa mikono kama daktari. Gari likanyamaza. Likapita barabarani kimya kama mtu aliyevaa ndala, na ukimya ule, mwanangu, ukanipanda kichwani. Nikaanza kusikiliza magari ya wenzangu na kuyatolea hukumu.

Wiki ya nne, ko!

Nilipozifungua, bushi zile mpya zilikuwa zimechanika ndani, mpira umepindwa kama nguo iliyokamuliwa. Nikapanda gari hadi Kyela mjini na hasira yangu mapajani.

"Bwana Faraji, umeniuzia takataka."

Hakukasirika. Aliigeuza bushi kwenye mwanga. "Binti, mpira huu haukuoza. Umenyongwa. Nani kaunyonga, mimi au wewe?" Akatoa nyingine, akazisukuma kwenye meza. "Chukua. Lakini Ambakisye nimekwisha kumwambia, lile gari nalitaka. Likigonga tena, mniachie."

Jioni Ambakisye akakubali. Jumamosi Bwana Faraji angekuja kulijaribu. Likigonga, lingeondoka naye. "Nimechoka kuendesha ngoma," aliniambia. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilijua gari likiondoka, spana zangu zitaishia kufunga mlango wa banda la kuku. Na nyuma ya ukuta mzee angelisikia gari lake likitoka uani asilisikie likirudi.

Ijumaa asubuhi nikaingia chini tena. Kazi ileile, magogo yaleyale. Bushi zimekaa, bolti zimepita, nimeshika spana nianze kukaza. Ndipo nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Pa kukimbilia hapakuwepo. Nikavuta kanga nikafunika miguu. Hakupita. Kigoda kililia nyuma ya ukuta, akaketi, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiye na haraka:

"Wewe kuku unayeparua hapo, nikuulize. Gari hilo limekanyaga chini au linaning'inia?"

Ambakisye alikuwa Busale. Uani tulikuwa watatu tu: mimi, mzee na kuku. Ningenyamaza, angeondoka. Ningejibu, nani angejua namjibu nani?

"Kuku," nikasema, "ukiulizwa jibu. Magurudumu yananing'inia."

"Na mara ile, kuku, alikaza hivyohivyo?"

"Kuku, sema ndiyo."

Akavuta pumzi. "Nilisikia. Spana ililia mpaka ikakwama, na jeki haijashushwa. Nikamwambia mwanangu, mpira ule utachanika. Akanijibu, baba, mke wangu ni fundi, anajua. Nikanyamaza, kuku wangu. Mtu anayejua utamwambia nini?"

Mwanangu, aibu ile bado ninayo, iko hapa kifuani.

"Kuku," nikasema kwa sauti ndogo, "sasa ni lini mtu anakaza?"

"Aziache nati zote zikiwa zimelegea. Achore mstari wa mkaa kwenye jicho la springi, lile tundu la nchani, upite mpaka kwenye chuma kinacholishika. Ashushe gari, aweke mawe kwenye magurudumu. Apakize mpunga, mzigo wa kila siku. Halafu alale atazame mstari. Asikaze. Atazame kwanza."

Nikafanya. Atupele na mumewe walikuja kunipakilia magunia ya wateja yaliyokuwa yakingoja uani, Atupele akinung'unika kwamba sasa mjusi anaajiri watu. Mimi nikalala kwenye udongo wenye unyevu, uso chini ya springi.

Gunia la kwanza likatua. Springi ikajinyoosha kidogo. La pili. La tatu. Na mbele ya macho yangu ule mstari mmoja wa mkaa ukakatika ukawa miwili. Jicho la springi lilikuwa linageuka. Polepole, bila sauti, chuma kizito kile kilijizungusha kwenye bolti iliyolegea kama mtu anayejigeuza kitandani atafute ubavu wake wa kulalia. Gunia la sita lilipotua, mistari ilikuwa imeachana upana wa kidole.

Upana wa kidole! Nati ikikazwa, bomba la ndani haligeuki tena; mpira ndio unaopindwa. Huo ndio mpindo niliokuwa nimeufungia ndani ya mpira mara ya kwanza. Nilikuwa nimeubana mpira ukiwa hewani, kisha nikautaka ubebe dunia, na katika kila shimo la barabara ya Ipinda ulijikamua ili unitii, mpaka ukafa. Nami nilikuwa nimelala pale nimebana pumzi kama niliyeingia kanisani. Juu yangu mpunga wa watu, nyuma ya ukuta mzee ambaye hakuwahi kuniona usoni, lakini alijua mkono wangu kwa sauti ya spana.

"Limeacha kusogea?" mzee akamwuliza kuku.

"Limetulia."

"Basi sasa akaze."

Jumamosi Bwana Faraji akaja. Akapakia gari mpunga, akalipeleka barabarani, sisi tukasimama uani tukisikiliza. Likapita tuta. Likapita shimo kubwa la kwenye daraja. Tulisikia injini tu, na magunia yakihema. Akarudi, akazima, akashuka.

"Wallahi, halisemi neno," akasema. "Ambakisye, gari silichukui. Ungekuwa unamuuza fundi wako, hapo tungezungumza."

Nilimwomba Bwana Faraji msamaha palepale, mbele ya Atupele. Kisha nikachota mtama kiganjani, nikaenda karibu na ukuta wa jiko, nikamwaga chini.

"Ndaga fijo, kuku," nikasema. Asante sana.

Nyuma ya ukuta, kikohozi. Mara moja tu safari hii.

Sasa sikia, mwanangu. Utakutana na mambo mengi ya kukaza: ndoa, kazi, urafiki, neno utakaloapa, hata hasira. Usiyakaze ukiwa hewani, siku za harufu ya vitu vipya, wakati hujabeba chochote. Yafunge kwa kulegea kwanza. Shuka, kanyaga chini, pakia mzigo wako wa kila siku, kisha lala utazame mambo yatageukia wapi. Yakitulia, hapo kaza kwa nguvu zako zote. Na watu wasikuogope kwa sababu unajua. Mimi kujua kwangu kulimnyamazisha mtu pekee aliyekuwa na jibu.

Kyala, Mungu wetu, akushushe taratibu. Akupe mzigo unaokutosha, na ardhi ya kuukanyagia. Na pale usipoweza kumtazama mtu usoni, akupe sikio la kumsikia, hata akiongea na kuku.